Mbuzi wa Machogu

Damaris Mokeira alizalisha wanawake wa Nyamira hadi akastaafu, lakini yeye mwenyewe hakuolewa. Kwa Wakisii mwanamke wa namna hiyo hukaa kwa babake, na baba akifa, hukaa kwa hisani ya wake za ndugu zake. Hisani hiyo Damaris aliionja, ikamkwama kooni. Basi akachukua mafao yake ya uzeeni, akalipia nyumba katika mtaa wa wazee karibu na Nyaramba. Unalipa mara moja, unakaa mpaka Mungu akuite, kisha nyumba inamrudia mwenye mtaa. Ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza kinachotazama mashamba ya majani chai, naye aliipenda kupita kiasi.

Kisha mtaa ukauzwa. Mnunuzi, bwana mmoja mcheshi aitwaye Machogu, aliwaita wazee wote, akaomba sala ndefu, akawachinjia mbuzi. Walipokwisha kushiba ndipo akatoa mikataba mipya.

"Hakuna kilichobadilika, wazazi wangu, ni jina la mwenye mtaa tu."

Nani angeanza kumhoji mtu na supu yake bado i mdomoni? Hiyo ingekuwa kukosa adabu. Wakatia sahihi wote, Damaris akiwa wa kwanza, miwani yake ikiwa mkobani! Haukupita muda wakaletewa notisi: wahame, hapo panajengwa hoteli. Mkataba mpya ulimruhusu Machogu kuwatoa atakapo. Damaris alilia kama mtoto. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kurudi kwa ndugu zake kuomba chumba.

Alikwenda kwa Esnah, wakili mjini Nyamira, ambaye alimsikiliza bila kumkaripia. Kwa hilo pekee Damaris angali anamwombea dua.

"Mama, sheria inamlinda mteja," Esnah alimwambia. "Ukitia sahihi kwa kudanganywa, unaweza kuuvunja mkataba, mradi usichelewe. Lakini lazima wewe na wenzako mseme mbele yake alichowaambia."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wenzake walikataa katakata. Umle mtu mbuzi wake, kisha umwite mwongo hadharani? Siku ya upatanishi, ambao Esnah aliuomba kabla ya kwenda mahakamani, Damaris aliingia na Esnah tu, akasema yote. Machogu akacheka kidogo, akamwambia mpatanishi, "Mama amesahau. Ni uzee."

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mmoja wa wale wazee, Mzee Ochoki, ambaye siku ya karamu alikula hata akalegeza mshipi. Kumbe alikuwa nje akisikiliza.

"Nyama yako nilikula, Machogu, na ilikuwa tamu," alisema. "Lakini mimi sijasahau. Ulituambia hakuna kitu imebadilika."

Nyuma yake wakaingia wengine, mmoja mmoja, macho chini kwa aibu, na kila mmoja akasema vilevile.

Machogu akatia sahihi maafikiano. Mikataba mipya ikafutwa, ile ya zamani ikarudi, na safari hii Esnah akahakikisha imesajiliwa katika ofisi ya ardhi. Damaris alimshika Ochoki mikono yote miwili. "Mbuya mono," alimshukuru, tena na tena, maana neno lingine halikumjia.

Karani wa ardhi alipokuwa akiandika aliuliza, bila hata kuinua kichwa, "Na kwenu ni wapi, Mama?"

Maisha yake yote Damaris alikuwa amelijibu swali hilo kwa kumtaja babake, na baadaye ndugu zake.

"Nyaramba," alisema. "Nyumba ya tatu ukishaingia langoni. Ni yangu mpaka nife."