Kikosi cha Baba Kimevunjwa

Enzi zetu, nyie wenzangu mliokua kwa uji wa uwele mnanielewa, baba wa mtu alikuwa wa kuonekana kila siku shambani. Wangu alionekana mara moja kwa miaka miwili. Alikuwa askari wa Mwingereza tangu kabla sijazaliwa, na hakuwa na mpango wa kuwa kitu kingine.

Akija likizo, kijijini kwetu karibu na Shelui, raha yake jamani! Asubuhi anatupanga mstari, mguu pande, mguu sawa, anakagua kucha na masikio. Halafu mwanaume mzima, kaptula imepigwa pasi, anachuchumaa kumwogesha mdogo wangu na kumbeba mgongoni kwa kanga ya mama. Wanaume wenzake walimcheka mpaka machozi. Yeye aliwajibu, "Kambini nabeba mzigo wa Serikali. Huu ni wangu."

Akiondoka, hofu ilibaki nasi. Vita vilikuwa katika nchi ambazo hata mwalimu wetu alizitamka kwa shida. Mama akisikia lori aliacha mwiko ndani ya sufuria akatoka nje kutazama barabara. Tulikula ugali wa madonge, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Hata katikati ya mchezo wa rede, lori likinguruma mpira wa matambara tuliuacha udondoke.

Sasa siku moja baba mdogo, ndugu yake baba, alikwenda Shelui kuuza karanga. Akamwona askari juu ya lori, akamuuliza habari za kaka yake. Lori lilikuwa limeshaanza kuondoka, yule askari akapaza sauti, "Kikosi chao kimevunjwa!" Basi. Nyumbani tulizungumza Kinyiramba, na Kiswahili cha baba mdogo kilikuwa cha gulioni tu. Kwake yeye, kinachovunjwa ni chungu, au mguu. Alirudi mbio ameshika kichwa: wamewavunjavunja wote, hakusalimika hata mmoja!

Nyie, kilio kile sijakisahau. Siku ya tatu bibi, mama yake baba, alichukua wembe akatunyoa watoto wote vipara, ndiyo desturi ya msiba. Alipomfikia mama, mama akakataa.

"Mama, mimi nimeambiwa kimevunjwa kikosi. Sijaambiwa amekufa mume wangu."

Watu wakanong'ona kwamba ana roho ngumu, na pengine yuko mwanaume mwingine. Nasema kweli, hata mimi nilimchukia. Lakini nilimwona akipepeta uwele, macho yako barabarani, nusu unamwagika chini, nikajua hata yeye hana uhakika. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Wiki zikapita. Mchana mmoja, jua kali la kiangazi, baba akatokea uani na begi lake begani. Akatutazama vipara vyetu, mmoja baada ya mwingine, na uso ukambadilika.

"Nani amekufa hapa?"

Bibi akasema kwa sauti ndogo, "Ni wewe, mwanangu."

Kumbe kikosi kilivunjwa kwenye makaratasi tu! Askari waligawanywa katika vikosi vingine, na baba akapewa likizo kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwona mama amesimama mlangoni na nywele zake zote kichwani, kicheko kikamkatika, na askari yule akalia mbele za watu.

Mama hakulia. Alikuwa na hasira za wiki zote zile. "Hutoki hapa mpaka nijue kusoma," alimwambia. "Sitaki tena kuletewa habari za mume wangu kwa midomo ya watu." Likizo nzima baba alimfundisha kwa kijiti kwenye vumbi la uani, a, e, i, o, u, kwa sauti ya gwaride. Kisha akarudi jeshini.

Siku hizi wajukuu zangu wanaandikiana "upo?" kwenye simu tangu asubuhi mpaka jioni, na jibu likichelewa kidogo tu wamenuna, hawali. Barua ya kwanza aliyoandika mama yangu ilikuwa na neno hilo hilo moja, kwa herufi kubwa zilizopinda: UPO? Alingoja miezi mitatu. Jibu lilipofika nalo lilikuwa neno moja, NIPO. Mama alilisoma mwenyewe, na siku hiyo hakumruhusu mtu mwingine yeyote kuishika ile karatasi.