Nafasi Mbele ya Kistari

Mpiga chapa wa duka la fotokopi ndiye anayetuandikia matangazo ya vifo kwa Kiingereza. Hutumia vidole viwili tu. Vingine huvikunja kama anayeficha kitu. Akifika penye umri hupunguza mwendo, hubonyeza kistari taratibu, kisha husoma mstari mzima kwa kunong'ona. Nilipompelekea tangazo la mama nilimsimamia begani, mjuaji mimi. "Mzee, kwa Kiingereza miaka ikimtangulia mtu, kama '10-year-old boy', maneno yanaungwa kwa vistari. Ikija baada yake, kama 'the boy is 10 years old', hayaungwi. Usije ukatuaibisha."

"Sawa, mwanangu. Vistari nimeshaweka. Mama alikuwa na miaka mingapi?"

Nikafungua mdomo. Sabini na... Nikakohoa. Waliopanga foleni nyuma yangu wakanyoosha shingo. Yeye hakuniangalia usoni, alifuta kibodi kwa pindo la shati, akasema kwa sauti niliyoisikia mimi tu, "Mpigie shangazi, au yeyote anayejua. Nakusubiri." Nikainamia simu, na jicho likaangukia kwenye kioo cha kompyuta. Mbele ya kistari cha kwanza palikuwa na nafasi ya tarakimu mbili. Alikuwa ameiacha tangu mwanzo, kabla sijaanza kumfundisha.