Barua Tatu za Tegeta

Mie hukusanya barua zilizoandikwa kwa mkono na waandishi wa riwaya. Ninazo kumi na moja. Niliyoipenda kuliko zote niliinunua Mwenge, kwa muuza vitabu vya mitumba: ukurasa mmoja wa mwandishi ambaye karibu kila aliyepita shule anamjua, akimshukuru rafiki kwa kuja kuwatembelea yeye na mkewe. Kwa ukurasa huo nilijiona naujua mwandiko wake.

Mwaka jana dada mmoja wa Tegeta akanipigia simu. Marehemu mama yake alikuwa akimpigia taipu mwandishi huyohuyo, na alimwachia bintiye barua tatu za mwandishi huyo. Sikumwamini. Watu wakisikia unakusanya, wanachovya karatasi kwenye chai, ikikauka wanakwambia ni ya zamani.

Nilimkuta sebuleni, barua ziko mapajani ndani ya mfuko wa nailoni. Akanionyesha moja, ameishikilia mwenyewe kwa mikono miwili. Nikainama nikainusa. Haikunuka chai, lakini mwandiko ulikuwa mwingine kabisa, herufi zote zimelalia kushoto.

"Dada, huu si mwandiko wake."

"Umejuaje?"

Nikamwonyesha picha ya barua yangu kwenye simu. Aliisoma taratibu, akairudia tarehe, kisha akanitazama vibaya.

"Kaka, mwezi huu wa barua yako mkewe alishazikwa. Mama alienda msibani."

Akafungua barua ya pili, bado iko na bahasha yake yenye muhuri wa posta. Mwandishi alikuwa anaomba radhi kwa kuchelewesha sura ya mwisho. Tangu amzike mkewe, aliandika, mkono haushiki kalamu. Tarehe ilitangulia ya kwangu kwa wiki tatu.

Miaka sita ile yangu imekaa kwenye fremu, nawaonyesha wageni.

Nikauliza anauza shilingi ngapi.

"Nani kakwambia nauza? Niliambiwa wewe unaujua mwandiko wake, nikataka unihakikishie. Sasa hata wewe sikuelewi."

Nilimwomba walau niinakili ile ya pili. Alisita, halafu akaniletea daftari, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza mstari wa mwisho. Nilipoinuka kwenda kunawa wino mikononi, nilimsikia nyuma yangu akizihesabu barua zake, moja moja, kwa sauti.