Gemu Arobaini na Moja za Stanslaus

Stanslaus Waitara alikuwa na gemu arobaini na moja za kompyuta, na hakuna hata moja aliyoweza kuishika mkononi. Zote zilikaa Steam, duka la mtandaoni alilojiunga nalo mwaka wa pili tangu atoke kwao Nyanungu kuja Nyakunguru kutafuta dhahabu. Wenzake wakipata walinunua pikipiki, au ng'ombe wa mahari. Yeye alinunua gemu. Kompyuta yenyewe haikuwa yake. Alichezea kwenye chumba cha Vivian Awino, mama wa Kijaluo aliyepiga picha za pasipoti, kuchapa barua za watu na kukodisha kompyuta mbili kwa wacheza gemu.

Kazi ya Stanslaus ilikuwa kukamata dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha yakawa unga, yeye aliutia maji kwenye beseni, akamwagia zebaki, akachanganya kwa mikono mitupu mpaka dhahabu ishikane. Alifanya hivyo miaka minne. Kisha vidole vikaanza kufa ganzi, kwanza vya kushoto, halafu vyote. Na haikuishia kwenye vidole. Dada yake alipojifungua mapacha kule Susuni, Stanslaus alipigiwa simu, akasema, "Vizuri," akaendelea kusuuza beseni.

Siku moja ya Jumamosi akaenda zahanati. Tabibu, mama wa makamo, akamshika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fumba macho." Akamgusa kwa ncha ya pini. "Unasikia hapa?"

"Umeshaanza?"

Tabibu akaiweka pini chini. "Zebaki uiache leo, siyo kesho. Rudi kwenu upumzike. Inaweza kupungua, ila siwezi kukuahidi."

"Sawa," alisema Stanslaus. Hakuuliza kitu kingine.

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, akaingia kwa Vivian kuaga. Aliwakuta watu wawili ambao hawakukosa Jumapili hata moja: Daudi Heche, mwalimu wa hesabu, na Otieno, aliyeleta vipuri vya kompyuta kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Vivian akampa soda.

"Dada Vivian, narudi Nyanungu," alisema. "Hizo gemu zangu nataka nikuachie wewe. Nikupe neno la siri, ziwe zako, watu wachezee."

Otieno akadakia kabla Vivian hajafungua mdomo. "Hiyo haiwezekani, bwana. Akaunti ya Steam haihamishwi. Ulikubali masharti ulipojiunga."

"Sikuyasoma."

"Nani ameyasoma? Lakini ndivyo. Wewe hukununua gemu. Ulinunua ruhusa ya kucheza."

"Unaona sasa!" Mwalimu Daudi alisimama kama yuko mbele ya ubao. "Kila wiki nasema humu ndani. Duka moja limeshika soko lote, ndiyo maana linaamua litakavyo. Mtengenezaji wa gemu anakatwa asilimia thelathini, analia, lakini atauza wapi? Wateja wote wako pale."

"Wacha hizo, Mwalimu. Kuna duka lingine linatoa gemu ya bure kila wiki. Bure kabisa! Mbona hatuhamii huko?"

"Kwa sababu vitu vyetu viko Steam. Ukihama, unaacha kila kitu nyuma. Huo si upendo, Otieno. Huko ni kufungwa kamba."

"Ni kazi nzuri! Bando likikatika gemu ikiwa katikati, unaendelea kupakua ulipoishia. Marafiki wako pale, maoni ya wachezaji yako pale, bei zinashuka mara kwa mara. Hakuna aliyenishika shati."

"Leo ni wazuri. Na wakibadilika?"

"Ati wakibadilika! Unamhukumu mtu kwa kosa ambalo hajafanya?"

Waliendelea hivyo, sauti zikipanda, kila mmoja akimgeukia Stanslaus kama shahidi wake. Stanslaus alimtazama huyu, akamtazama yule. Aliona midomo yao inavyokwenda. Alijua kwamba zamani angeruka katikati yao, akabisha mpaka Vivian awafukuze. Alitafuta ndani yake ile hamu ya kubisha, hakuikuta.

"Stanslaus!" Vivian aliita. "Mkono wako!"

Akautazama. Shingo ya chupa ya soda ilikuwa na ufa. Alikuwa ameibana kiganjani muda wote, na damu ilitiririka mpaka kwenye kiwiko, ikadondokea kiatu cha Mwalimu. Aliiangalia kama maji yanayovuja kwenye nyumba ya jirani.

"Sikusikia," alisema.

Vivian akaleta maji ya chumvi, akamfunga kwa kitambaa, akikunja uso kana kwamba kidonda ni chake. Mwalimu akafuta kiatu chake.

"Unataka kucheza kidogo kabla hujaondoka?" Otieno aliuliza kwa upole.

Stanslaus akakaa, akafungua gemu ya kuendesha lori kwenye barabara ndefu zenye theluji. Ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Lakini kidole hakikujua kiko kwenye kitufe gani. Lori likayumba kulia, likaacha barabara, likasimama kwenye majani meupe huku injini ikinguruma. Hakulirudisha. Aliinuka, akawapa watu wote watatu mkono usio na kitambaa, akatoka.

Kule Nyanungu alipewa ng'ombe wa baba yake kuchunga. Mama yake, Boke, alimpikia uji wa wimbi asubuhi na jioni, wala hakumwuliza dhahabu iko wapi. Miezi ilipita. Otieno alimtumia ujumbe mara mbili kwamba bei zimeshuka Steam; aliusoma, akazima simu.

Mara moja Vivian alipiga. "Bado wanabishana. Wanataka useme nani ana haki."

Stanslaus alifikiri. "Mwalimu ana haki," alisema. "Lakini waambie ningenunua palepale."

Vivian akacheka, akakata.

Mahindi yalipokomaa, jioni moja mama yake alimwekea ugali uliotoka jikoni muda huohuo. Alimega tonge, akalirudisha sahanini haraka.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Moto."

Boke aliacha kula, akamtazama. Stanslaus aliupuliza ule ugali, akagusa tena kwa kidole kimoja, kile cha shahada. Vingine vilikuwa bado.

"Kula basi," alisema mama yake.

Akala.