Miaka Kumi ya Bulandina

Bulandina alifika Bwera mwaka 1953, bibi-arusi kutoka upande wa Beni. Mrefu, mabega ya mpagazi. Siku hiyohiyo Yunia, wifi yake, alimwuliza amezaliwa lini.

"Mwaka mmoja kabla yako," akajibu.

Yunia alizaliwa lini, Bulandina hakuuliza.

Tangu hapo sahani ya kwanza ikawa ya Bulandina, na kwenye maombolezo mkeka wa karibu na moto. Yunia alimwita dada mkubwa miaka ishirini, meno ameyauma. Kosmasi, mume wa Bulandina, alichonga vinu na michi, akanyamaza.

Kisha nyonga ya Bulandina ikalika. Shamba lake la kahawa liko mlimani. Ikafika mahali akawa anapanda kwa makalio, kinyumenyume, akiwatukana mbuzi waliompita.

Mwaka 1973 daktari Mzungu wa mifupa alipita hospitali ya misheni. Muuguzi Wivine alitafsiri.

"Tunakata kichwa cha mfupa wa paja, tunaweka cha chuma."

"Na changu kinaenda wapi?"

"Kinatupwa."

"Weee! Nizikwe Bwera, mfupa ubaki kwa shimo ya hospitali? Siku ya ufufuo nitautafuta wapi, nikichechemea?"

Kosmasi akakohoa. "Mchi ukilika kichwa, sikikati. Nakichonga kidogo, nakivika kofia ya bati."

Daktari akacheka. "Njia hiyo ipo. Tunachonga mfupa, tunauvika kofia ya chuma. Kwenye picha mfupa wake bado mgumu. Lakini karatasi inasema ana miaka hamsini na mbili. Kwa umri huo sithubutu, unaweza kuvunjika chini ya kofia."

Yunia, aliyekuja kumwuguza, alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

Bulandina akatazama dari. "Labda karani alikosea."

"Alikosea ngapi?"

"Kidogo."

"Mama, ngapi?"

"Kumi."

Maganda yakamwagika. "Wewe mutoto!" Yunia akafoka. "Nimekupikia! Nimekupisha njia! Mimi ndiye nilikuwa naanza kukuamkia!"

Daktari akataka ushahidi. Kosmasi akatoa kwenye koti cheti cha ubatizo cha mkewe, kimelainika kama kitambaa. Kusoma hajui, padri alimsomea siku ya ndoa. Amezaliwa 1931, mwaka wa nzige.

"Ulijua?" wakauliza mawifi wote wawili.

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Mlikuwa mnasikilizana."

Mfupa wa Bulandina ukavikwa kofia. Baada ya miezi sita alipanda mlima kwa miguu, na fimbo aliyochongewa na Kosmasi. Mbuzi wakapisha. Nyumbani sahani ya kwanza ikahamia kwa Yunia, akala kwa madaha, akiita, "Mutoto, leta chumvi!" Mutoto akainuka, akaleta, bila kuchechemea.

Mwaka 1979 homa ilimchukua Bulandina kwa siku nne. Walimzika kando ya kahawa yake, mfupa wake anao.

Kwenye maombolezo Yunia alipakua sahani ya kwanza, akaiweka kwenye mkeka wa karibu na moto. Hapakuwa na mtu pale.

"Ya mkubwa," alisema.

Kosmasi akanyamaza.