Kanga ya Kufungia Gitaa

Kila nikikata mche mpya wa sabuni, harufu yake hunirudisha kwetu Michenzani, kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Baba alikuwa fundi cherehani, na gitaa alilipiga kwa mapenzi tu. Uzi wake mmoja ulikuwa mshipi wa kuvulia. Kila alasiri alipiga nyimbo za zamani, mama akiitikia huku anakuna nazi.

Mama alipofariki, baba alilifunga gitaa kwa kanga ya mama, iliyokuwa bado inanukia udi na asumini. Hakulipiga tena. Kila jioni alilipakata, akaizamisha pua ndani ya ile kanga, kisha akaliegemeza ukutani.

Siku moja kabla ya hitima ya arobaini, nikijua wageni watakuja, niliifua kanga, nikaianika, nikalifunga tena gitaa kama nilivyolikuta.

Baba alirudi kutoka msikitini, akalipakata kama kawaida yake. Akaizamisha pua ndani ya kanga, akaitoa, akaizamisha tena.

"Nani kaifua hii?"

"Mie, baba. Nimeisugua mara mbili."

Alinishika kichwa.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Imetakata kabisa."