Mwenyeji Aliyeonja Kwanza

Nilikwenda Kigali kwa sababu ya madaftari kumi na mawili. Nayashona mwenyewe nyumbani Mwanza, ufundi niliojifunza kwa kufumua vitabu vichakavu na kuvishona upya. Mwenye duka mmoja wa Remera, mtaa wa huko Kigali, aliona picha za madaftari hayo, akasema nimpelekee sampuli. Sikuwahi kuuza nje ya mtaa wetu, na kwa wiki mbili nilifumua mishono ambayo haikuwa na kosa.

Basi letu liliondoka Mwanza alfajiri. Mpakani Rusumo maafisa walininyang'anya mifuko ya plastiki niliyofungia mzigo, maana nchini Rwanda mifuko hiyo hairuhusiwi. Kuanzia hapo niliyakumbatia madaftari kifuani nikimkagua kila abiria aliyeinuka.

Jioni nilishuka Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, nikapanda pikipiki hadi hoteli niliyoelekezwa mtaa wa Nyakabanda. Hoteli yenyewe ni nyumba ya mtu. Mapokezi hakuna, unaandikishwa jikoni, umekalia kiti cha kinyozi. Funguo zimefungwa kwenye miiko ili mgeni asiondoke nazo, na wangu ulifungua hadi chumba cha jirani. Niliujaribu mara mbili.

Mwenyewe anaitwa Mama Divine, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura.

"Karibu mwanangu. Umechoka sana. Iko juisi ya marakuja."

Akamimina glasi ya hiyo juisi ya pasheni, akanywa funda moja, akanipa ileile. Niliipokea kwa adabu, nikaenda kuimwaga kwenye sinki la chumbani. Kisha nikasukumia meza mlangoni.

Asubuhi, Remera. Mwenye duka, Dada Solange, alifungua soda mbele yangu, akamimina, akaonja, akanisogezea glasi.

"Asante, sina kiu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada."

Aliitazama glasi, akanitazama mimi. Akafunua daftari moja tu, juu juu. "Ni mazuri. Tutakupigia."

Saa saba mchana, hotelini, nilimkuta Mama Divine anamenya viazi. Nilimweleza yote, hata ile juisi. Kisu kikasimama.

"Ulimwaga juisi yangu?"

"Nisamehe, mama."

"Huku mtu anaonja mbele yako, ujue haiko sumu. Wewe ukakataa. Umemwambia yule dada anaroga watu." Akaendelea kumenya. "Na mimi umeniambia hivyohivyo. Na nilikupa shuka mpya."

"Sasa nifanye nini?"

"Nunua soda. Uende uonje wewe."

Alasiri nilirudi Remera na chupa. Nikaomba kifungulio na glasi, nikamimina, nikanywa funda, nikamsogezea.

"Nani amekufundisha?" akauliza Dada Solange.

"Mwenye hoteli. Yake niliimwaga."

Alijikaza asicheke, akashindwa. Akanywa hadi nusu, ndipo akavuta kiti na kufunua madaftari yote, moja moja, akipitisha kidole kwenye mishono.

"Nitachukua sita," akasema. "Tusizoeane haraka."

Kesho yake nilipanda basi la kurudi na sita yaliyobaki. Nilikuwa nimekwenda Kigali nikiogopa kukaguliwa. Haikunijia kabisa kwamba wenyeji wangu nao walikuwa wakijitoa niwakague, tangu glasi ya kwanza, na kwamba mimi ndiye niliyewakatalia.

Siwezi kusema nimepona. Karibu na Kahama jirani yangu, mzee mmoja mwenye kofia, alinikunjulia karatasi ya karanga. Nilimshukuru, kisha nikajikuta nangoja ale kwanza.